Leso, Nguo Iliyompa Mama Nafasi

Miaka michache iliyopita nilisafiri kwa basi kutoka Malindi kwenda Mombasa. Siku hiyo jua lilikuwa kali, na basi lilijaa watu, vikapu na magunia. Tulipoipita njia panda ya Gede, mtoto mchanga alianza kulia. Mama yake alikuwa msichana aliyevaa sare ya kazini, wala hakuwa na nguo ya pili ya kujitandia. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akampigapiga mtoto mgongoni. Lakini njaa haibembelezeki, na kilio kilizidi kupanda. Nyuma yake aliketi bibi mmoja mtu mzima. Bibi huyo alifungua leso yake ya juu, akaikunjua, akampitishia yule mama mabegani, na neno lake lilikuwa hili tu: “Haya, mwanangu.” Punde mtoto akanyamaza. Abiria wakaendelea na mazungumzo yao juu ya bei ya nazi, kana kwamba hapakutokea jambo lo lote. Tulipofika Kilifi mama alishuka, leso ikarudi kwa mwenyewe, na safari ikaendelea.

Msomaji, huenda ukasema kwamba hilo ni jambo dogo. Mimi kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu, na jambo hilo halikunitoka moyoni, kwa maana niliona historia ikitenda kazi mbele ya macho yangu. Bibi yule hakuwa amesoma sheria yo yote ya kumlinda mama anyonyeshaye. Alifuata mapatano ya zamani ya watu wa pwani, na mapatano hayo hayakuandikwa katika kitabu. Yalikuwa yamekaa juu ya nguo. Katika insha hii nataka kukuonyesha jinsi nguo moja yenye rangi na maneno ilivyompa mama nafasi ya kumlisha mwanawe mbele ya watu, na kwa nini nafasi hiyo sasa yahitaji walinzi wapya.

Kwanza na tuulizane: sanaa ya watu wote ni nini? Ni sanaa ikaayo mahali ambapo kila mpita njia aweza kuiona, tajiri na maskini, msomi na asiyesoma, pasipo kulipa kiingilio. Kwa sanaa hiyo mji hutangaza ni nani anayestahili heshima. Ukitembea Malindi mpaka ukingo wa bahari utaikuta nguzo ya Vasco da Gama, baharia Mreno aliyefika huko mwaka 1498. Ukienda Gede, katika magofu ya mji wa kale, utaona kaburi la mawe lililochongwa tarehe ya Kiislamu ya mwaka 802, ambao ni sawa na mwaka 1399. Ukisimama Mnarani, juu ya hori ya Kilifi, utaona makaburi mengine yenye nguzo ndefu. Na katika miji ya Wagiriama zimesimama vigango, mbao zilizochongwa kwa ustadi ili kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu. Baharia amepata nguzo yake, matajiri wa mji wamepata makaburi yao, na wazee wamepata mbao zao. Sasa niambie: mama anyonyeshaye amewekwa wapi?

Katika nchi nyingine mama huyo aliwekwa mbele ya macho ya watu kwa sanamu na picha. Katika Misri ya kale mafundi walitengeneza sanamu nyingi sana za Isis akiwa ameketi, amempakata mwanawe Horus, na anampa titi. Baadaye, katika Ulaya ya zama za kati, wachoraji walimchora Bikira Maria akimnyonyesha Yesu, na picha hizo zilitundikwa makanisani mbele ya wanaume, wanawake na watoto. Hakuna aliyeona haya. Ni baada ya karne ya 16 ndipo picha za namna hiyo zilipoanza kupungua, kwa kuwa mawazo ya watu juu ya mwili yalikuwa yamebadilika. Hili ni jambo la kuliweka akilini: haya ya watu nayo ina historia yake, na yale yaliyoonekana matakatifu katika karne moja huweza kuonekana ya aibu katika karne nyingine.

Miji ya Waswahili haikufuata njia ya sanamu. Uislamu ulikuwa umekwisha kuota mizizi pwani, na mafundi wake waliepuka kuchonga umbo la binadamu. Ustadi wao ulikwenda katika milango ya nakshi, katika mawe ya matumbawe, katika maandishi na katika nguo. Lakini usidhani kwamba kutomchora mama kulikuwa kumdharau. Kurani yenyewe imetaja kunyonyesha, tena imetaja muda wa miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Basi jambo hilo lilikuwa katika dini na katika mazungumzo ya kila siku. Tofauti ni hii: mahali pengine walichonga picha ya mama anyonyeshaye, watu wa pwani walimpa mama huyo kitu cha kunyonyeshea. Sanaa yao haikusimama juu ya jiwe. Ilitembea sokoni, ilipanda chomboni, ilikaa kibarazani, na ilimfuata mama ko kote alikokwenda.

Kitu hicho ni leso, ambayo Unguja na Bara huitwa zaidi kanga. Jina la leso latokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vyenye picha, vilivyouzwa vikiwa vimeshikamana katika jora moja. Badala ya kununua kimoja kimoja, walikata sita, wakavishona vitatu juu na vitatu chini, wakapata shuka moja pana ya rangi nyingi. Wafanya biashara hawakukawia kuona faida. Wakaagiza nguo iliyopigwa chapa nzima nzima, isiyohitaji kushonwa. Jina la kanga, nalo, yasemekana lilitokana na madoadoa ya zile za kwanza, yaliyofanana na ya ndege kanga.

Tangu hapo leso imekuwa na sehemu zake zijulikanazo. Pembeni pana pindo lizungukalo pande zote nne. Katikati pana mji. Na chini ya mji pana jina, yaani maneno. Huuzwa mbili mbili, nazo mbili hizo ndizo doti: moja hufungwa kiunoni au kifuani, na ya pili hutandwa kichwani na mabegani. Upana wa kila moja ni kiasi cha mita moja, na urefu wake ni kama mita moja na nusu. Maneno ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye kwa herufi za Kirumi. Katika Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, lilipata sifa kubwa, na watu wengi wa pwani hulijua kwa alama yake, Mali ya Abdulla. Nguo zilipigwa chapa India, Ulaya na Japani, na baadaye katika viwanda vya Afrika Mashariki pia. Lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili, na walioamua ni leso gani ipendeze na ipi ibaki rafuni walikuwa wanawake wa pwani wenyewe.

Sasa nataka ufikiri juu ya Malindi ya wakati ule, maana hapo ndipo utakapoona uzito wa nguo hii. Tangu miaka ya 1860, chini ya himaya ya Sultani wa Unguja, Malindi ilikuwa mji wa mashamba makubwa ya mtama na ufuta, na kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Mwanamke mtumwa hakuwa na amri juu ya saa zake wala juu ya mwili wake. Nguo zake zilikuwa merikani, shuka nyeupe isiyo na urembo, au kaniki, shuka nyeusi. Ye yote aliyemwona kwa mbali alimjua kwa mavazi hayo. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani wa Kenya mwaka 1907. Wanawake waliopata uhuru waliiacha kaniki wakanunua leso. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa namna hiyo aliweza kujichagulia rangi, kujichagulia maneno, na kupita njia kuu akiwa amevaa sawa na waungwana. Wengine waliichukulia leso kuwa pambo tu. Kwake yeye ilikuwa hati ya uhuru ambayo hata asiyejua kusoma aliielewa.

Wala leso haikumtumikia yeye peke yake. Jaribu kuhesabu kazi zake kwa mama na mtoto. Mtoto azaliwapo, hupokewa kwa leso iliyofuliwa mpaka ikawa laini. Mama atokapo baada ya siku zake arubaini, leso huwa mbeleko ya kumbebea mtoto mgongoni. Jua likiwa kali, ni mwavuli. Upepo wa kusi ukivuma, ni blanketi. Akiketi chini ya mwembe, ni mkeka. Na mtoto aliapo kwa njaa, mama huigeuza mbeleko ikaja mbele, akaitupa leso ya juu begani, na papo hapo amepata chumba kisichokuwa na kuta. Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, wasafiri walivuka hori kwa kivuko, na mara nyingi walingoja muda mrefu ukingoni. Mtoto hakungoja. Kina mama walinyonyesha hapo hapo penye foleni, kama walivyonyonyesha sokoni, katika majahazi, na katika nyumba za arusi na za matanga.

Nawe huenda ukauliza, kwa nini mama asingoje mpaka afike nyumbani? Jibu lipo katika maumbile yenyewe. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hata 12 kwa mchana na usiku, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Na maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri yanavyotumika: mtoto akinyonya zaidi, maziwa huongezeka, akinyimwa nafasi, hupungua. Basi mama asiyeruhusiwa kunyonyesha penye watu amebakiwa na njia tatu. Ajifungie nyumbani, naye akose soko, kazi na masomo. Au amwache mtoto alie. Au atafute chupa. Sokoni na katika vyombo vya safari ndiko ambako jambo hili huamuliwa. Watu wa pwani wa zamani hawakujua elimu hiyo kwa majina ya wataalamu, lakini walijua matokeo yake, wakaupanga mwenendo wao kwa kuifuata.

Tena leso ilisema. Nani kama mama, husema leso moja ambayo kila Mswahili ameiona. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema nyingine. Maneno hayo yalipita mbele ya macho ya wanaume barazani na ya vijana njiani, siku baada ya siku, wala hapana aliyeyakwepa. Mwanamke ambaye hakupewa nafasi ya kusimama na kuhutubia mkutano alihutubia mji mzima kwa mgongo wake. Ndiyo maana watawala na vyama nao walijifunza kuitumia leso kutangaza uhuru, uchaguzi na afya. Waliikuta tayari imekwisha kuwa ubao wa matangazo wa wanawake.

Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kutazama pande zote, asije akadhani kwamba kujifunika ndiyo desturi ya pekee ya nchi hii. Nyuma ya miji ya pwani, katika mashamba ya Wagiriama, wanawake wa zamani walivaa hando, vazi la kitambaa chenye marinda mengi lililoanzia kiunoni. Kifua kilikuwa wazi, na mtoto alinyonya bila ya kifuniko cho chote. Mama wa Kigiriama alipoleta mahindi katika soko la Malindi, aliketi karibu na mwanamke wa mjini aliyejitanda leso. Mmoja alinyonyesha wazi, na mwingine alinyonyesha chini ya nguo. Wote wawili walinyonyesha, na biashara iliendelea. Kwa hiyo leso haikuwa amri. Ilikuwa msaada kwa yule aliyeutaka. Anayemwambia mama leo, “Jifunike au uondoke,” hawezi kusema kwamba anatetea mila ya pwani, kwa maana pwani ilizijua desturi zote mbili, na hakuna hata moja kati yake iliyomfukuza mama.

Na kwa kuwa tumewataja Wagiriama, sasa naweza kukuonyesha sanamu moja ambayo nimeiweka akiba tangu mwanzo. Iko Malindi, katika bustani iitwayo kwa jina la Mekatilili wa Menza, nayo ilizinduliwa tarehe 20 Oktoba 2010, Siku ya Mashujaa. Mwanamke huyo alizaliwa akaitwa Mnyazi. Alipojifungua mtoto wa kwanza, Katilili, watu wakamwita Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Na hilo ndilo jina lililobaki katika historia. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilitaka vijana wa Kigiriama waende kufanya kazi mbali na kwao. Mekatilili aliwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, iliyokuwa ngoma ya wanawake, akawahimiza wakatae. Husimuliwa kwamba katika mkutano mmoja, mbele ya Arthur Champion, ofisa wa serikali, alimleta kuku mwenye vifaranga, akamwambia ofisa amchukue kifaranga mmoja. Ofisa alipotia mkono, kuku alimdonoa. Maana yake ikawa wazi: ndivyo mtakavyopata mkijaribu kuwachukua wana wetu. Mwaka huo huo alikamatwa akapelekwa Kisii, mbali kabisa na kwao. Mwaka 1914 alitoroka akarudi kwa miguu, na mwaka huo Wagiriama wakapigana na Waingereza.

Angalia vizuri mambo haya mawili. Mekatilili hakuficha umama wake ili asikilizwe penye wazee. Umama ndio uliompa neno la kusema. Na kuku yule na vifaranga wake walikuwa mfano alioutunga mbele ya watu wote, ukaeleweka na mkubwa na mdogo pasipo mkalimani. Sanamu yake haimwonyeshi akinyonyesha, lakini kila alitajaye jina la bustani ile anasema “mama” bila ya kufikiri.

Karne ya 20 ilileta picha za namna nyingine. Makopo ya maziwa ya unga yaliingia madukani, na juu yake palikuwa na picha za watoto wanene wenye kucheka. Hiyo nayo ilikuwa sanaa mbele ya umma, tena ya ustadi mkubwa; lakini ilikuwa ikimshauri mama aliache titi lake. Maziwa ya kopo yana kazi yake kwa mtoto asiye na njia nyingine. Hatari yake ilikuwa katika nyumba zisizo na maji safi, na kwa mama asiyemudu kununua kopo la pili, akayachanganya na maji mengi ili yadumu. Mtoto aliharisha, akadhoofika, na wengi walikufa. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za biashara ya maziwa hayo. Na mojawapo ya kanuni hizo ni kwamba picha za watoto zisiwekwe juu ya makopo. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Waona, msomaji, kwamba mataifa yalikaa kitako yakajadili picha! Yalijua kwamba picha hulea au huharibu.

Juhudi hizo, pamoja na mafundisho ya wauguzi na wahudumu wa afya vijijini, hazikupotea bure. Wataalamu hushauri kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake, hata bila maji, kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula kingine mpaka miaka miwili na zaidi. Katika Kenya, uchunguzi wa afya wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watoto 13 tu katika kila 100 wa umri huo ndio walionyonyeshwa hivyo. Mwaka 2014 walikuwa 61. Lakini uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 60. Tulipanda mlima kwa haraka, kisha tukasimama. Kwa nini tulisimama? Sababu ni nyingi, lakini mojawapo yaweza kuonekana na kila mwenye macho: kina mama wengi sasa hufanya kazi na kusoma katika mahali ambapo wajenzi hawakuwafikiria.

Hapo ndipo nirudipo kwa yule mama wa basini. Soko la zamani, baraza na chombo cha safari vilikuwa na mapatano yake. Ofisi, mkahawa wa mjini, kiwanda na bunge vilijengwa kwa ramani mpya, na katika ramani hizo mtoto hakuwamo. Mwezi wa Mei mwaka 2018 kina mama waliandamana katika mitaa ya Nairobi, baada ya mwenzao mmoja kueleza kwamba, alipokuwa akinyonyesha mkahawani, alitakiwa ajifunike au aende chooni. Chooni! Nani kati yetu angekubali kulia chakula chake mahali hapo? Na tarehe 7 Agosti 2019, Zuleikha Hassan, mbunge mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa akiwa amempakata mtoto wake wa miezi 5, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na mtu wa kumwachia. Aliamriwa atoke, maana kwa kanuni za Bunge mtoto yule alihesabiwa kuwa mgeni. Siku hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya juma ambalo dunia nzima huadhimisha kunyonyesha.

Sheria haikuwa imelala kabisa. Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtoto haki ya lishe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yawataka waajiri waweke vyumba vya kunyonyeshea mahali pa kazi, vyenye viti, meza, maji ya kunawa na jokofu, na yampa mama nafasi isiyozidi saa moja kwa kila saa 8 za kazi. Sheria ni ngome njema. Lakini sheria haiwezi kugeuza jicho la mtu. Mama aweza kuwa na haki zote za Katiba, na bado akanyonyesha kwa hofu kwa sababu ya mtazamo wa jirani yake. Kazi ya kugeuza jicho ni kazi ya malezi na ya sanaa. Na watu wa pwani waliifanya kazi hiyo kwa muda mrefu kabla ya sheria kutungwa.

Msomaji kijana, nakupa kazi ya kufanya, maana insha isiyozaa kazi ni kelele. Urudipo nyumbani, mwombe mama yako au nyanya yako akuonyeshe leso yake ya zamani kuliko zote. Yasome maneno yake, uyaandike. Muulize aliipata mwaka gani, nani aliyempa, na ni mtoto gani aliyebebwa ndani yake. Huenda ukagundua kwamba mtoto huyo ni wewe. Kisha litazame shule lenu, zahanati yenu, na kituo chenu cha mabasi kwa jicho la mama mwenye mtoto wa miezi 3. Je, pana kivuli? Pana kiti? Kuta zake nyeupe zinasema nini? Ikiwa hazisemi lo lote, nawe una rangi na kipaji, basi waombe wenye mahali ruhusa ya kuzichora, kwa pindo na mji na jina, ili mama apitaye ajue kwamba mahali hapo pamemngojea.

Na ikiwa huna kipaji cha kuchora, usihuzunike. Bibi yule wa basini hakuchora cho chote. Alichokifanya ni kufungua leso yake mabegani na kuinyosha mbele, na kwa muda wa nusu saa, kutoka Gede mpaka tulipokaribia Kilifi, basi zima lilikuwa nyumbani kwa mtoto yule.